Maumivu ya Mtoto ni Deni la Nani?

Katika pwani ya Tanganyika, toka Kavimvira hata Makobola, mtoto akipatwa na ugonjwa usiokwisha, mara nyingi swali la kwanza si kwamba atatunzwaje. Watu huuliza ameupata kwa nani. Hata wanafunzi wa Yesu, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua dhambi ilikuwa yake au ya wazazi wake. Wakajibiwa kwamba haikuwa ya yeyote kati yao.

Upo ugonjwa wa damu ambao katika vituo vya afya vya Kongo huitwa SS, na huko Tanzania selimundu. Chembe nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu, hukwama katika mishipa midogo, tena hufa upesi. Mtoto hajafikisha mwaka, na vidole vyake vimevimba, macho yamekuwa ya manjano, na usiku analia kwa maumivu ya mifupa. Ndipo baba hunena: "Katika ukoo wetu hamna damu ya namna hiyo." Mama hurudishwa kwao na mtoto mgongoni. Pengine mtoto mwenyewe huitwa mchawi, ingawa Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yakataza kabisa kumsingizia mtoto uchawi.

Lakini damu yamkanusha baba huyo. Mtoto hawi SS asipopokea alama hiyo kwa baba na kwa mama, pande zote mbili. Mwenye alama moja tu hulima, huvua, huzeeka, wala hajui kitu. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina hatari moja kati ya nne.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawajalisikia. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu ya watu wa sehemu nyingi za nchi ile. Penye mbu wengi, pwani ya bahari na kando ya Ziwa Victoria, alama hiyo ilionekana kwa wengi. Milimani penye baridi ilikuwa adimu. Mwaka 1954 alieleza sababu yake: mwenye alama moja, akiumwa malaria, si rahisi ugonjwa umwue, hasa katika utoto. Na bonde la Ruzizi na pwani ya Uvira ni nchi ya malaria tangu zamani.

Basi yafaa kufikiri. Alama ile ile inayomtesa mtoto mmoja imewavusha wengine katika homa, labda babu yake, labda ndugu yake anayecheza mpira uani. Wao wamepokea faida, naye amebaki na gharama. Matunzo yake yahesabiwe kuwa deni, wala yasiitwe sadaka.

Mtu atapinga: "Hakuna aliyeomba kinga hiyo, mtu hadaiwi asichokiomba." Neno hili lina nguvu kidogo tu. Nani aliyeomba maziwa ya mama yake? Hata hivyo, anayemwacha mama yake na njaa katika uzee hulaumiwa na kijiji kizima. Naye aliyepimwa akaonekana hana alama, huenda ameoa binti wa mtu aliyeponywa nayo.

Deni lenyewe hulipwa kwa vitu vidogo: penisilini kila siku hata mtoto atimize miaka mitano, asidi ya foliki, chandarua, maji mengi ya kunywa, na mwendo wa haraka kwenda kwa muuguzi homa inapoanza. Muuguzi mwema humfundisha mama kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto, maana ikivimba ghafula mtoto aweza kufa siku ile ile. Amfundishe na baba pia, na bibi, na shangazi. Mama aliyekesha usiku wa tatu hospitalini ameacha beseni la ndagala nyumbani, na watoto wengine wanne wanangojea chakula. Beseni hilo lataka mtu wa kulipeleka sokoni asubuhi.