TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 13: Mfuko mlangoni



Ndugu zangu, juzi baada ya tarawehe kaka mmoja alinisubiri mpaka watu wakaisha msikitini. Nilidhani anataka kuulizia zaka. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema: "Ustadhi, ule mwaka wa korona sikwenda kumwona mama yangu Bunda. Nilikuwa sokoni hapa Musoma, nakutana na watu wa kila aina, nikasema nisimpelekee maradhi. Nilikuwa nampigia simu, natuma na hela. Mama akafariki Ramadhani ileile, sijamwona. Sasa niambie, nilimlinda au nilimtupa?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba anipe siku mbili. Leo najaribu kumjibu, na kwa idhini yake najibu mbele yenu, maana sidhani kama swali hili ni la kwake peke yake.

Turudi nyuma kidogo. Machi 16, 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza nchini. Kesho yake zikatangazwa kufungwa shule. Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria ikaingia mwishoni mwa Aprili, na mnakumbuka hali ilivyokuwa. Makka kwenyewe tarawehe ziliswaliwa bila umma tuliouzoea. Majirani zetu Kenya walikuwa wamefunga misikiti. Kwetu misikiti ilibaki wazi, ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na kila mtu akikohoa safu nzima inageuka. Hija ya mwaka ule walihiji watu kama elfu moja tu, waliokuwa tayari ndani ya Saudia.

Sisi tulikuwa na kikundi chetu kidogo cha kuhudumia wazee. Kabla ya korona kazi yetu ilikuwa rahisi kuieleza. Wazee wa mjini tunawachukua kwa bajaji, tunafuturu nao. Wale wa mbali, wa upande wa Butiama na Kiabakari na wengine njia ya Bunda, tunawafuata. Tunachota maji, tunafua, tunafagia, tukimaliza tunakaa. Huko kukaa ndiko kulikuwa kunachukua muda mrefu kuliko kazi zote.

Korona ilipoingia tulifanya kikao kimoja, hakikufika hata nusu saa. Wazee ndio wenye hatari zaidi, tukasema, basi tusiwasogelee. Tukabadilisha utaratibu wote. Unga, maharage, sukari, tende na sabuni vinaingia kwenye mfuko. Mtu mmoja anapanda bodaboda, amevaa barakoa, anauweka mfuko mlangoni, anabisha hodi, anarudi nyuma, anaondoka. Tulijiona tumefanya jambo la maana, na kusema kweli lilikuwa la maana. Njaa haikusubiri korona iishe.

Wiki ya pili ikaja simu kutoka Kiabakari. Mjukuu wa babu mmoja anatuambia: "Babu anasema msilete tena." Jamani, kwa nini? Kumbe majirani walimwona mtu aliyejifunika uso akiweka mfuko mlangoni na kuondoka mbiombio. Wakamaliza wenyewe: mzee ana korona, ndiyo maana hata watu wa msikiti wanamkimbia. Mama aliyekuwa akimpelekea ndoo ya maji kila asubuhi akaacha. Watoto wakakatazwa kupita pale. Mfuko wetu ulimpa unga, ukamnyang'anya maji.

Tulikwenda kumwomba radhi. Tukasimama uani, mbali kidogo, yeye kwenye kiti chake mlangoni. Tukampa shikamoo, akaitika marahaba. Hakutugombeza. Alisema tu: "Wanangu, mlikaa kikao juu yangu. Namba yangu mnayo. Mlishindwa nini kuniuliza?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Nataka tuangalie jambo moja katika historia yetu, ambalo tunalisoma mara nyingi bila kulitazama vizuri.

Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa safarini kuelekea Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh akaletewa habari kwamba kule mbele kuna tauni. Aendelee au arudi? Hakuamua peke yake. Akawaita Muhajirina wa mwanzo, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Mwisho akawaita wazee wa Kikuraishi, na hao hawakutofautiana hata wawili: rudi na watu, usiwaingize kwenye maradhi. Akatangaza kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamhoji kama anaikimbia kadari ya Allah, naye akamjibu kwamba wanatoka kwenye kadari moja ya Allah kwenda kwenye kadari nyingine ya Allah. Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.) na hadithi ya Mtume (s.a.w.): ukisikia tauni iko mahali usiende, na ukiwa humo usitoke kuikimbia.

Hadithi hii tumeitumia sana kuthibitisha kwamba kujikinga si kukosa imani. Ni sawa kabisa. Lakini angalia waliotoa rai iliyofuatwa. Ni wazee. Katika tauni Umar aliwauliza wazee, na sisi katika korona tuliwahesabu wazee. Tulikuwa na orodha yao, tulijua nani anakula nini na nani ana kisukari. Tulichokosa ni neno lao.

Basi tukaanza upya. Tukapiga simu, mmoja baada ya mwingine, swali moja tu: wewe unataka tufanyeje? Kwa asiye na simu tulituma mtu asimame uani aulize.

Majibu hayakufanana hata kidogo. Babu wa Kiabakari alitaka tuje mchana kweupe, tusimame uani tuongee kwa sauti, majirani wasikie kuwa yeye ni mzima. Tukafanya hivyo, na ndoo ya maji ikarudi. Mzee mwingine alituambia wazi msije kabisa, kifua changu nakijua mwenyewe. Tukamheshimu. Bibi mmoja hakutaka unga, alitaka vocha, ili awapigie mashoga zake. Tukamwekea. Bila sisi kumwambia akajifanya msimamizi: kila asubuhi anawapigia bibi wenzake watano, jioni anatupa ripoti nani amelala na homa, nani dawa za presha zimemwishia. Kwa wiki chache yule bibi alitufaa kuliko kikao chetu kizima.

Mmoja alitupa mtihani. Alisema, nitakuja kuswali tarawehe, kama ni kufa nife. Hapo tulibishana sana. Roho ni yake, lakini pembeni yake safuni kuna wazee wengine ambao hawakuchagua. Mwisho tulimwendea, tukamweleza hilo, tukamwomba aswalie barazani, msala wake peke yake, upepo wa ziwa unapita. Alinung'unika, akakubali. Mpaka leo sina hakika kama tulifanya sawasawa. Ninachojua ni kwamba tuliongea naye, hatukumfungia mlango.

Sisi si wa kwanza kujifunza hili. Ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983. Gonjwa lile liliondoka na wazazi, likawaachia bibi na babu wajukuu wa kulea. Mwaka 2003 kule Nshamba, wilayani Muleba, lilianza shirika liitwalo Kwa Wazee. Njia yake ilikuwa kumpa mzee kiasi kidogo cha fedha kila mwezi, aamue mwenyewe anunue nini: chumvi, sabuni, au daftari la mjukuu. Zanzibar nako, tangu Aprili 2016, kila mwenye miaka 70 na zaidi ana haki ya Pensheni Jamii, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na haangaliwi kama ana mtoto mwenye duka au hana. Fedha ni ndogo, lakini mzee anaipokea kama mtu mwenye akili zake na haki yake.

Na sharia yetu ilitangulia. Tazama mzee asiyeweza kufunga kwa udhaifu wa umri. Angeweza kuambiwa, wewe Ramadhani si yako tena, pumzika. Badala yake amewekewa fidia, kumlisha maskini kwa kila siku. Yaani mwili umemzuia, lakini bado anatoa, bado yumo ndani ya mwezi pamoja nasi. Asiyeweza kusimama anaswali ameketi. Asiyepata maji anatayamamu. Njia inabadilika kila dharura inapokuja, lakini mtu hatolewi kwenye safu. Ukitaka kupima mabadiliko yoyote unayomfanyia mzee wako, pima hapo: baada ya kubadilisha, bado yumo?

Sasa nifike pagumu. Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya dunia tena. Barakoa tumezitupa zamani. Harusi zinajaa, misiba inajaa, Mwigobero huwezi kupita kwa watu. Lakini mfuko uko palepale mlangoni. Wengi wetu tulijifunza mwaka ule kwamba mama anaweza kuhudumiwa kwa simu na muamala, tukaona kumbe ni rahisi, hatukurudi tena. Kutoka Musoma mpaka Butiama si safari ya kulala njiani, na Bunda unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ugonjwa umeondoka, udhuru tumebaki nao.

Kuna mtu alikuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Siku moja Mtume hakumwona, akamuulizia. Wakamwambia amefariki, tumeshazika. Akawalaumu kwa kutomjulisha, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda kumswalia. Katika mambo yote aliyobeba, aliona kwamba mtu mmoja hayupo. Jiulize leo: ni mzee gani wa mtaa wako ambaye hujamwona safuni tangu korona, na wewe hukuuliza?

Sasa nimjibu ndugu yangu wa sokoni.

Kaka, hukumtupa mama yako. Ulichoogopa kilikuwa cha kweli, na Umar mwenyewe alirudi njiani kwa ajili yake. Simu zako za kila siku zilikuwa kukaa naye, kwa njia iliyokuwepo. Usiuchukue msiba wake ukaugeuza kuwa hukumu. Ajali iko kwa Allah, na nia yako anaijua kuliko mimi. Lakini umeniomba ukweli, nami nitakwambia lile ambalo kikundi chetu nacho kinajilaumu. Ulimuuliza? Huenda angekwambia, usije mwanangu, baki huko. Na huenda angekwambia, njoo usimame chini ya mwembe nikuone tu. Ulimkadiria jibu, kama sisi tulivyomkadiria babu wa Kiabakari. Hilo ni pungufu, na pungufu lina mlango wa istighfari, na mlango huo mwezi huu uko wazi kuliko mwezi wowote.

Na kuna mlango mwingine. Mtume (s.a.w.), miaka baada ya Bi Khadija (r.a.) kufariki, alikuwa akichinja mbuzi hupeleka nyama kwa marafiki zake. Kuwatendea wema watu ambao mzazi alikuwa akiwapenda ni katika kumtendea wema mzazi mwenyewe. Uliniambia shoga wa mama yako bado yupo Bunda, yule waliyekuwa wakianika dagaa pamoja. Nenda. Usiende na mfuko wa kuweka mlangoni. Fika, mpe shikamoo, kaa. Muulize mama yako alikuwa akisema nini siku zile za mwisho, maana huenda alimwambia yeye jambo ambalo wewe hukuambiwa.

Na sisi wengine, kabla ya magharibi ya leo, tuchague mzee mmoja. Awe mzazi, jirani, au mmoja wa wazee wanaoishi kwenye makazi ya Serikali pale Nyabange, ambao hawana wa kuwabishia hodi kila siku. Usimpelekee kitu kwanza. Muulize: unataka tufanyeje? Halafu nyamaza, msikilize mpaka amalize, hata akirudia habari ileile mara tatu. Allah ametukataza hata neno dogo la kuonyesha tumechoshwa na wazazi wetu, na kila saa tuliyomkatiza mzee tulikuwa karibu sana na neno hilo.

Ewe Mola, warehemu wazee wetu waliotangulia mwaka ule bila kushikwa mkono. Wape afya waliobaki. Tusamehe sisi tuliowaamulia badala ya kuwauliza, na tujaalie uzee wetu usiwe mzigo wala usisahaulike. Amin.

Wabillahi tawfiq. Kesho inshallah, baada ya alfajiri.