Bahati na Stahili ya Sifa

Wahenga walionya kwamba bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Onyo hilo lamfaa msafiri na mfanyi biashara. Lakini katika elimu huzuka swali zito zaidi. Mtu aliyepata jambo asilolitafuta, sifa yake ni haki au ni zawadi?

Stanley Cohen alizaliwa Brooklyn, Marekani, mwaka 1922, mwana wa fundi cherehani aliyehama kutoka Urusi. Alisoma baiokemia, na kwa ajili ya shahada ya udaktari, aliyoipata Michigan mwaka 1948, aliokota nyungunyungu zaidi ya 5,000 usiku katika viwanja vya chuo. (Atakayecheka na ajaribu kuokota mia moja.) Mwaka 1953 aliingia kazini St. Louis pamoja na Rita Levi-Montalcini, bibi Mwitaliano aliyekwisha kuona kwamba uvimbe fulani wa panya hutoa kitu kinachochipuza neva za kifaranga. Kazi ya Cohen ilikuwa kukitenga kitu hicho.

Alitaka kujua kama ndani yake mna asidi za nukleiki, akatia sumu ya nyoka, kwa kuwa ina kimeng'enya cha kuzivunja. Neva hazikupungua, bali zilizidi kuchipua! Sumu yenyewe ilikuwa na kitu kile kile, tena kwa wingi kuliko uvimbe. Hiyo ilikuwa bahati, wala hapana ubishi. Lakini nyuma yake ilifuata fikira: tezi ya sumu ni jamaa ya tezi ya mate; basi tezi ya mate ya panya ina nini? Tezi za panya dume zikatoa protini hiyo tele. Hapo bahati haikusema neno.

Tena likatokea jingine. Vitoto vya panya vilivyodungwa maji ya tezi hizo yasiyosafishwa vilifumbua macho siku ya saba hivi, ilhali desturi yao ni siku ya kumi na mbili hadi kumi na nne. Protini ya neva ikiwa safi haikufanya hivyo. Basi kwa mtu aliyewekwa kuitafuta protini ya neva, jambo hilo lilikuwa uchafu wa kutupwa. Wala Cohen hakuwa na nafasi ya kucheza: mwaka 1959 ilimbidi kuondoka, kwa sababu idara ya elimu ya wanyama haikuwa na cheo cha kudumu kwa mtu wa baiokemia. Akaenda Vanderbilt, Nashville, akauchukua uchafu ule. Mwaka 1962 alieleza protini ya pili, ambayo huziarifu seli za ngozi zikue. Baadaye alionyesha jinsi inavyoshikwa na kipokezi juu ya seli, na ujumbe ukaingia ndani; dawa kadhaa za saratani za leo huziba mlango huo.

Aonaye kwamba bahati ndiyo mtawala anayo hoja, ila haiko katika maabara. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1986 walipewa Cohen na Levi-Montalcini. Viktor Hamburger, aliyemwalika Levi-Montalcini Marekani, ambaye utafiti wake wa mwaka 1934 ndio ulioanzisha swali lenyewe, hakutajwa. Kanuni ya tuzo huruhusu watu watatu. Mwaka ule walikuwa wawili.