MAJABALI YA MBOLOLO NA KAFARA YA MASHIMO



Mvua za vuli zilipokuwa zingali zikinyesha tulipanda Mbololo, watu watano wa darsa yetu, kwenda kutoa taazia kwa jamaa wa kijana aliyefukiwa na udongo ndani ya shimo la kuchimbia vito huko chini nyikani. Kijana huyo akija Voi kwa sala ya Ijumaa, na baadhi yetu tulimjua tangu alipokuwa mtoto wa chuo. Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulikaa na wafiwa tangu adhuhuri hata magharibi, tukasikia pale mambo mawili ambayo hatukuweza kuyanyamazia.

La kwanza alilisema mtu mzima, mwenye kanzu na tasbihi mkononi. Alisema lile shimo lina wenyewe. Kwamba vito havitoki ila kwa damu, na lau wachimbaji wangalichinja mbuzi kabla ya kulifungua, kijana asingalikufa. Wengi wakaitikia. La pili likazuka kwa sababu ya hilo la kwanza. Mdogo wake marehemu, mwanafunzi wa sekondari, alisema kwa adabu kuwa mwalimu wao amewafundisha ya kwamba mawe ya nchi hii yana umri wa mamia ya milioni ya miaka, na kwamba udongo uliporomoka kwa kuwa ulikuwa umelowa. Mzee akamkemea mbele ya watu: mwenye kusema dunia ina umri huo amekufuru. Kijana akanyamaza, kisha akainuka, akatoka barazani. Siku ile amezika nduguye, na siku ile ile ametolewa katika dini na mtu asiyekuwa na mamlaka ya kumtoa.

Amma sisi tunasema hivi. Atokaye Mombasa kwenda Voi hupita juu ya kitabu kilichofunuliwa, walakini wengi wetu hulala njiani. Kisiwa chenyewe cha Mombasa ni matumbawe. Yalikuwa hai chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo; ilipoteremka, yakabaki makavu. Juu ya matumbawe hayo Wareno waliianza Ngome mwaka 1593, na kwa matumbawe hayo wazee wetu walijenga nyumba na misikiti yao. Ukipanda bara kidogo wafika Mazeras. Jiwe lake kila mtu alijua, kwani ndilo tutandikalo nyuani. Nalo ni mchanga ulioletwa na mito ya zamani ukashikamana, na ndani yake huonekana vipande vya miti iliyogeuka mawe. Hapo umekwisha rudi nyuma zaidi ya miaka milioni 150. Mbele zaidi, Mariakani na Taru, mawe huzidi ukongwe. Na ukifika Maungu na Voi, ukainua macho kuitazama milima ya Taita, umefika kwenye mwamba wa asili uliobeba yote hayo.

Mwamba wa Mbololo ulipikwa ndani kabisa ya ardhi, kiasi cha miaka milioni 600 iliyopita, wakati mabara ya kale yalipogongana. Matope na chokaa ya bahari iliyokwisha kutoweka vilizamishwa chini, vikabanwa, vikaungua bila ya kuyeyuka vyote, vikatoka na mistari kama mkeka uliosukwa kwa ukindu wa rangi mbili. Baadaye ardhi ilipasuka kwa nyufa ndefu, vipande vikainuliwa. Mvua nayo ikala nyika kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka hata milima ikasimama peke yake. Ndiyo maana Mbololo imetengwa na Dawida kwa bonde la Paranga, na kilele cha Vuria, kilicho kirefu kuliko vyote vya Taita, chafika mita 2,208. Umande wa Bahari ya Hindi, bahari yetu hii, hugonga vilele hivyo ukawa ukungu, na msitu ukaishi. Katika msitu wa Mbololo kuna ua dogo la zambarau lisilomea lenyewe penginepo duniani. (Tuliwauliza watoto wa hapo, wakatuonyesha kwa vidole, sisi tungalilikanyaga.)

Na vito je? Vimetoka katika kupikwa huko huko. Yakuti nyekundu za Mangare, na lile jiwe la kijani liitwalo tsavoraiti, lililopatikana Tanganyika ya zamani mwaka 1967 kisha huku Taita miaka michache baadaye, ni madini ya kawaida yaliyotiwa chembe ndogo ya madini mengine ikabadili rangi. Hapana damu iliyoingia humo. Sura ya Fatir imetaja mistari ya milima na rangi zake mbalimbali, na mara baada yake ikataja wenye ilimu kuwa ndio wamchao Mwenyezi Mungu. Tazameni mpangilio huo. Wanavyuoni waliosifiwa hapo wamesifiwa penye khabari za mvua, matunda, majabali na wanyama.

Ama umri wa ardhi, Qurani haikuutaja kwa hesabu. Siku sita za uumbaji si siku za saa zetu kwa lazima, kwani Sura ya Hajj imeitaja siku ya mbele ya Mola kuwa kama miaka elfu ya hesabu yetu, na Sura ya Maarij ikataja siku ya miaka elfu hamsini. Wajuzi wa leo huikadiria ardhi kuwa na miaka bilioni 4 na nusu. Mwenye kuikubali hesabu hiyo hakuvunja nguzo yoyote. Wala si bidaa ya Wazungu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kuwa milima huinuliwa kwa mitetemeko na huchongwa na maji katika muda mrefu mno. Al-Biruni wa zama zake alizitazama kokoto za Bara Hindi, kubwa karibu na milima na ndogo kila uendapo mbali, akahukumu kuwa nchi ile ilikuwa bahari iliyojazwa na udongo wa mito. Watu hao hawakukufurishwa kwa sababu ya kokoto.

Twarudi kwenye shimo. Mwamba wa nyika yetu ni mgumu chini, lakini juu yake umeoza kwa jua na mvua ukawa udongo mwekundu. Kiangazi udongo huo husimama wima kama ukuta, ukamdanganya mchimbaji. Mvua ikiingia katika nyufa, uzito huzidi na mshiko hupungua, ukuta ukaanguka kwa mara moja. Shimo lile tuliambiwa lilikuwa na kina cha watu wanne, bila gogo hata moja la kuegemeza, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Aliyelimiliki hakushuka. Mbuzi angalizuia nini hapo?

Mtume, rehema na amani zimshukie, alifiwa na mwanawe Ibrahim, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Angaliweza kunyamaza; alikuwa mfiwa na maneno yalikuwa ya kumtukuza. Hakunyamaza, aliwakataza, akawaambia kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Nasi tutanyamaza penye shimo la vito?

Huko Tsavo, karibu na vilima vya Chyulu, kuna lava nyeusi iliyomwagika miaka mia chache tu iliyopita, nayo yaitwa Shetani kwa kuwa walioiona walidhani ni yeye atokaye. Watu wa Mombasa hulitamka jina hilo kwa hofu, na hali maji ya Mzima wanayoletewa kwa bomba ni mvua ya Chyulu iliyochujwa ndani ya mawe ya namna hiyo hiyo. Na ardhi ilipotetemeka Agosti 2020, ikasikika Dar es Salaam, Unguja na kwetu, wako waliouza hirizi kabla ya alfajiri. Dua na istighfari ni haki wakati huo. Hirizi ni biashara.

Marehemu, kwa jinsi tulivyopokea katika Hadithi sahihi, afaye kwa kuangukiwa yumo katika mashahidi. Wazazi wake tuliwaambia hivyo, mama akalia kwa namna nyingine. Lakini nduguye ataka kurudi mashimoni, kwani deni la maziko lipo. Tumejua pia kuwa wachimbaji wenziwe wamekwisha changa fedha za mbuzi. Tumewapelekea barua kuomba fedha hizo zinunue magogo na kamba, na darsa itaongeza kwa kadiri ya uwezo wake. Hata tunapopiga chapa ukurasa huu, jawabu halijafika.