Kunena na Watoto Wadogo

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, Mungu awaagiza wazazi wa Israeli kuwafundisha watoto wao maneno yake. Hakuwaambia wawapeleke kwa kuhani. Ataja kukaa nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka, yaani mazungumzo ya kila siku.

Basi katika nyumba zetu mtoto wa miaka miwili au mitatu husikia nini? Mara nyingi ni amri tu: Njoo! Toka! Leta maji! Nyamaza! Amri si mbaya, maana mtoto asiyetii ataungua motoni. Lakini amri hujibiwa kwa miguu, si kwa kinywa. Twawaona watoto wa namna hii darasani: mmoja akiulizwa jina lake hutazama chini. Watu husema ana adabu. Pengine hakuzoea kuulizwa neno.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1980 ilionekana ya kuwa mtoto mchanga, kabla ya kutimiza siku 3, aipenda sauti ya mama yake kuliko ya mwanamke mwingine. Tena mwaka 2018, huko Marekani, walipimwa watoto wa miaka 4 hadi 6. Ikaonekana ya kuwa kazi ya ubongo katika lugha ilifungamana na kupokezana maneno, mzazi akinena na mtoto akijibu, kuliko na wingi wa maneno aliyosikia. Kwa hiyo baba ahubiriye mezani saa nzima, hata akiwa mchungaji, asidhani ya kuwa amekwisha kuzungumza na mwanawe.

Kazi yenyewe si ngumu. Mama amenya ndizi, mtoto asema, "Didi." Asimcheke. Na aseme, "Naam, ndizi. Hii imeiva, ile mbichi. Tumpe nani hii?" Kisha angoje. Tena aseme kwa lugha aijuayo vizuri. Wako wazazi waiachao lugha ya kwao na kunena Kiingereza cha kuokoteza, wakidhani wampa mtoto elimu, kumbe wampa makombo.

Hata Katekisimo Ndogo, aliyoitoa Luther mwaka 1529, ilikusudiwa baba mwenye nyumba aitumie pamoja na jamaa yake. Ndiyo sababu yauliza mara kwa mara: Maana yake nini? Siku hizi wengi humwachia mwalimu wa kipaimara swali hilo, mtoto akiisha kuwa na miaka kumi na zaidi.

Nasi twaogopa jambo moja kuliko yote. Mtoto ambaye kila anenapo huambiwa anyamaze, je, ataaminije ya kuwa Baba wa mbinguni amsikia aombapo? Wanafunzi walipowakemea wale walioleta watoto, Bwana Yesu alichukizwa nao; imeandikwa katika Marko sura ya 10.

Nanyi waalimu, mwingiapo nyumbani mwa watu, mkiisha kuwaamkia wazee, msalimuni na mtoto kwa jina lake, mkangoje jibu lake hata likikawia.