Siri Ina Wenyewe

Kuanzia machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo na Kakola upande wa Shinyanga hadi Nyarugusu na Rwamgasa huko Geita, kunyamaza ni sehemu ya kazi. Aliyepata mawe mazuri hatangazi. Ukimuuliza kama leo imetoka, atakujibu, "Tunahangaika tu," hata kama mfukoni ana gramu kumi. Hakuna anayeliita jibu hilo uongo. Wezi wapo, ndugu wenye shida wapo, wadai wa mwaka juzi nao wapo. Lakini maeneo hayohayo yanaujua usiri wa namna nyingine: mshika daftari anayewaficha wenzake idadi ya viroba vya mawe vilivyotoka kwenye duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia. Ukiwatazama kwa mbali, wote wawili wanaficha. Kinachowatenganisha ni nini? Swali hilo nilikutana nalo nikiandika programu ndogo ya kompyuta.

Karani wa karasha moja, mashine ya kusaga mawe, ndiye aliyeiomba. "Kaka, niandikie kitu cha kuficha daftari. Simu yangu inapita mikono mingi." Nikaanza na njia ya kale, ya kubadilisha herufi kwa herufi. Inasimuliwa kwamba Julius Caesar alisogeza kila herufi nafasi tatu. Mimi nilitumia neno la ufunguo. Unaandika GEITA, neno lenye herufi tano zisizojirudia, kisha unafuatisha herufi zilizobaki kwa mpangilio wake wa kawaida: B, C, D, F na kuendelea. Safu hiyo ukiiweka chini ya alfabeti, A inakuwa G, B inakuwa E, C inakuwa I. Kwa lugha ya Python ni kazi ya mistari michache. Programu haina picha wala vitufe. Unaandika amri, ufunguo na sentensi yako kwenye dirisha jeusi, unabonyeza Enter, jibu linatokea chini yake. Amri ni mbili tu: ficha na fichua.

Niliijaribu kwa ujumbe ambao mchimbaji angeweza kumtumia mkewe: "gramu tatu ziko kwa mama." Ikatoka hivi: CQGLU SGSU ZFJN JWG LGLG.

Kwa macho, inatisha. Namna za kupanga herufi 26 ni namba yenye tarakimu 27, na hakuna atakayekaa kuzijaribu moja moja. Ila hakuna haja ya kuzijaribu. Hesabu tu: kati ya herufi ishirini za ujumbe ule, G imetokea mara tano. Kiswahili hakina herufi inayotumika kama A, kwa hiyo G ni A. Kisha tazama maneno yanavyoishia: U, U, N, G, G. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, basi irabu tatu zimeshajitaja zenyewe. LGLG ikishapata A zake mbili, inabaki kuchagua kati ya mama, baba, kaka, dada na wenzao wachache. Na U, W na Z hazikubadilika hata kidogo, maana ufunguo usio na herufi za mkiani mwa alfabeti huuacha mkia huo ulivyokuwa. Herufi imebadili nguo, haikubadili mwendo.

Jambo hili mwanafalsafa al-Kindi wa Baghdad alilieleza katika karne ya 9: zihesabu alama, zilinganishe na mazoea ya lugha, fumbo litafumbuka. Neno la kushika hapo ni mazoea. Anayewaficha wenzake viroba hukamatwa kwa njia hiyohiyo. Daftari lake linaweza kuwa safi, tarakimu zote zikajumlishika. Lakini watu wanaona duara linatoa kama kawaida, mgao unapungua, na nyumba ya mtu mmoja inapanda bati. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Tena fumbo dhaifu ni hatari kuliko kukosa fumbo, kwa sababu humpa mwenyewe ujasiri wa bure. Mwaka 1586 Malkia Mary wa Skotlandi, akiwa kifungoni Uingereza, aliandikiana barua za siri na watu waliopanga kumuua Malkia Elizabeth. Akiamini alama zake za fumbo, aliandika mambo ambayo asingeyaandika waziwazi. Thomas Phelippes, mfumbuaji wa serikali, alizisoma. Februari 1587 Mary alikatwa kichwa.

Ilipofika 1883, mtaalamu wa mafumbo Auguste Kerckhoffs aliandika kanuni inayotumika hadi leo: mfumo mzuri hauharibiki hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo ubaki kwa mwenyewe. Ndivyo zilivyo simu zetu. Namna WhatsApp inavyofunga ujumbe imeelezwa hadharani. Kilichofichwa ni ufunguo. Kila mchimbaji mwenye pesa kwenye simu ana ufunguo wa namna hiyo, yaani namba yake ya siri. Cha kusikitisha, huyohuyo asiyetamka gramu zake mbele ya ndugu utamkuta dirishani kwa wakala akiitaja namba hiyo kwa sauti, ili asaidiwe kutoa hela. Tumezoea kuficha mengi, ila hatujazoea kuchagua cha kuficha.

Mwaka 2017 swali la nini kifichwe na nini kiwe wazi lilifika bandarini. Serikali ilizuia kusafirisha nje makinikia, yaani mchanga wenye madini, ya Bulyanhulu na Buzwagi, migodi miwili ya Kahama, na kamati ya uchunguzi ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasema dhahabu iliyomo kwenye makontena ilizidi sana iliyotangazwa. Kampuni ya Acacia, yenye migodi hiyo, ikakana. Vyovyote mtu aonavyo hesabu zile, msingi wa ubishi ulikuwa huu: mwenye fungu lake ndani ya kontena ajue kilichomo kwa neno la nani? Kisha Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita, na masoko mengine yakafuata. Mzani uko mezani, bei inajulikana, mrabaha unakatwa palepale. Mchimbaji bado ana haki ya kutosema fedha yake anaipeleka wapi. Uzito wa mzigo, ambao serikali na mnunuzi wana chao ndani yake, unapimwa mbele ya wote.

Basi kabla ya kuuliza "nifiche vipi?" tuulize "nani mwingine ana fungu humu?" Gramu tatu zilizoko kwa mama ni za mchimbaji na mkewe, mpita njia hana chake. Viroba vya duara vina mwenye leseni, mwenye duara na vijana walioshuka chini. Mmoja wao akiwafunika wenzake, hiyo si siri tena, ni wizi, hata ukiandikwa kwa fumbo ambalo al-Kindi asingeliweza. Kompyuta haiwezi kutenganisha haya mawili. Inafunika chochote inachopewa.

Kazi ya kutenganisha ilibaki kwangu. Daftari la karani lilikuwa na majina na namba za simu za wateja, mambo ambayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka yatunzwe. Hayo niliyafunga, tena si kwa programu yangu ya herufi, bali kwa ile iliyokwisha kupimwa na mafundi wengi. Safu ya idadi ya viroba niliiacha wazi, nikaongeza amri ya kuchapa nakala kwa kila mwenye fungu. Karani alisema hakuomba hiyo. Nikamjibu kwamba walioihitaji hawakuwepo alipokuja kuniomba.