Kiapo na Ulimi wa Shahidi

Taifa linapopatwa na msiba ambao chanzo chake kimefichwa, aghalabu huunda tume ya uchunguzi. Tume si mahakama. Haimfungi mtu wala haimwachilii. Kazi yake ni kuitafuta kweli, na kwa ajili hiyo sheria huipa uwezo wa kumwita shahidi, kumwapisha na kudai nyaraka, na humwekea adhabu yule anayekaidi au anayesema uongo. Hapo huzuka swali zito la maadili: je, ni haki kumlazimisha mtu aseme, kisha kumwadhibu kwa yale aliyoyasema?

Tutazame mfano wa Afrika Kusini. Sheria Namba 34 ya mwaka 1995 iliunda Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoongozwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu. Shahidi aliweza kulazimishwa kujibu hata swali ambalo jibu lake lingemtia hatiani. Lakini sheria hiyo hiyo ilimkinga: jibu hilo halikuweza kutumiwa dhidi yake katika kesi ya jinai, isipokuwa akishtakiwa kwa kusema uongo. Tena, aliyetenda uovu kwa lengo la kisiasa aliweza kusamehewa, mradi aeleze kila kitu. Kwa maoni yetu, mapatano hayo yalikuwa ya haki. Sheria ilimnyang'anya mtu ukimya wake, ikampa ngao badala yake. Anayeipokea ngao hiyo kisha akadanganya hana cha kulalamikia.

Steve Biko alifariki mjini Pretoria tarehe 12 Septemba 1977, akiwa na umri wa miaka 30, kwa jeraha la ubongo alilolipata mikononi mwa polisi. Katika uchunguzi wa kifo chake uliofanywa mwaka huo huo, polisi walidai kwamba alijigonga ukutani katika purukushani, na hakimu hakumwona yeyote kuwa na hatia. Miaka 20 baadaye, baadhi ya polisi hao waliomba msamaha mbele ya Tume, wakakiri kwamba walidanganya katika maelezo yao ya kiapo ya mwaka 1977; lakini hadithi ya purukushani hawakuiacha. Mwaka 1999 wakanyimwa msamaha. Hata hivyo, mwaka 2003 waendesha mashtaka walitangaza kwamba hawatashtakiwa kwa mauaji, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Mwaka 2025, miaka 48 baada ya kifo hicho, uchunguzi wake ulifunguliwa upya.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mfano huu unatufundisha kwamba njia hiyo yaweza kuwa ndefu kuliko maisha ya mfiwa, endapo waongo watashikamana. Sheria yaweza kumleta shahidi kitini na kumfumbua kinywa. Haiwezi kuufungua moyo wake. Uongo hugunduliwa kwa kulinganishwa na kweli ya mtu mwingine, na pasipo mtu huyo adhabu iliyoandikwa katika sheria hukosa wa kumshika.

Yapo mambo mawili yanayomfanya shahidi adanganye. La kwanza ni woga. Huo twaweza kuuelewa, na ni wajibu wa dola kumlinda shahidi ili asiwe na sababu ya kuogopa. La pili ni ule umoja wa kufichiana maovu, ambao wenyewe huuita uaminifu kwa mwenzao. Huo hatuna budi kuukataa, nao huanza mapema: darasa zima linapoulizwa nani kafanya na wote wakajibu hawajui, huku wakijua. Uaminifu unaomlinda mkosaji humwacha aliyekosewa peke yake. Mjane na yatima wanaokaa mbele ya tume hawadai kisasi kwa shahidi. Wanamdai habari za marehemu wao, ambazo ni haki yao, na ambazo yeye amezishika.