Kidole na Kanuni

Kijana wa Kasingirima, katika mji wa Ujiji, apatapo gitaa kwa mara ya kwanza hukutana na washauri wa namna mbili. Mmoja humwambia kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Basi na ajifunze kwanza majina ya sauti, hesabu ya mapigo na kanuni za muziki, asije akazoea makosa. Wa pili humwambia kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Basi na apige wimbo aupendao, kanuni zitamfuata. Ugomvi wao ni wa kale, nao umo katika kila elimu: je, sheria hutangulia tendo, au tendo hutangulia sheria?

Ujiji una shahidi wake. Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa huko mwaka 1924, alitoa kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Washairi wa pwani walikuwa wamekwisha kutunga kwa vina na mizani karne nyingi kabla yake. Kitabu kile kiliyakusanya mambo yaliyojulikana na masikio yao, kikayapa majina, ili mtu aliye mbali na mwalimu naye ayapate.

Gitaa nalo lina shahidi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, ambao sasa huitwa Likasi, katika Kongo. Uchambuzi wa upigaji wake, ulioandikwa na David Rycroft, ulichapwa mwaka 1961 na 1962. Vidole vilitangulia, kalamu ikafuata. Wanaoidharau nadharia hufurahia mfano huu, lakini huusoma nusu. Kama upigaji ule usingalikuwa na mpango, mchambuzi asingaliona la kuchambua.

Tena, kuchelewa mno kuna gharama, na gharama hiyo huwaangukia wenziwe mpigaji. Tuseme kijana amezoea wimbo mmoja katika C, F na G, kwa kukariri mahali pa vidole tu. Siku moja mwimbaji aombaye wimbo upandishwe kidogo, apate kuimba bila kujiumiza koo, humkuta hana la kufanya. Lau angalijua kuwa hizo ni sauti ya kwanza, ya nne na ya tano, angalihamia D, G na A, na wimbo ungaliendelea. Asipojua, humlazimisha mwimbaji kuteseka kwa ajili ya mazoea yake. Hapo ujinga wake umekwisha kuwa dhuluma ndogo.

Basi wakati wa kuanza nadharia hauhesabiwi kwa miezi. Hufika pale mkono unapolikuta swali ambalo sikio peke yake haliwezi kulijibu. Na swali la kwanza huweza kufika katika wiki ya kwanza. Mwalimu amjibuye mwanafunzi kabla hajauliza humtwika mzigo asioujua kazi yake, na wengi huutua pamoja na gitaa lenyewe. Amnyimaye jibu akiisha kuuliza, kwa hoja kwamba kipaji chatosha, humfungia mlango aliokwisha kuubisha. Haki ya mwanafunzi ni kupewa kanuni moja kwa swali moja, na kuipiga siku ile ile.